Uliza Bwana Miti: Mwombo, muombo au myombo?

Toleo lililopita niligusa mninga kidogo tu, barua zikanifuata mpaka nyumbani. Nyingi, ajabu, haziulizi mninga. Zinauliza neno moja, miombo, nililolitupia katikati ya sentensi bila kulieleza. Haya, leo ukurasa wote ni wake.

Swali

Shikamoo Bwana Miti. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, wilaya ya Bahi. Juzi tulikuwa tunasoma habari za misitu, tukafika kwenye sentensi inayosema sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania ni "misitu ya miombo". Nikawauliza watoto miombo ni nini. Mmoja akajibu ni mahali watu wanapokwenda kuomba. Mwingine akasema ni miti inayoomba mvua. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, lakini kengele ilipolia nikabaki na aibu maana mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Nisaidie: neno limetoka wapi, umoja wake ni upi, na je, pori letu hapa Bahi ni miombo? Mwenzangu wa darasa la saba anashikilia kwamba pori lolote la nchi kavu ni miombo.

*Mwalimu, Bahi*

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Hao watoto wawili wape daftari moja moja, nitakuja kulipa mwenyewe nikipita Bahi kununua mchele. Mwenzako wa darasa la saba asipewe kitu mpaka amalize ukurasa huu.

Neno hili nililisikia kabla sijajua kusoma. Nimezaliwa Sikonge, mkoa wa Tabora, na baba yangu alikuwa mrina asali. Mvua zikishakolea, utomvu ukiwa unapanda na gome limelegea, alichukua shoka akaingia porini kutafuta mti ulionyooka, usio na tawi mpaka juu ya kichwa cha mtu. Alikata duara chini, akakata duara juu, akapasua mstari mmoja wa wima, kisha akalivua gome zima kama unavyomvua mtoto kanzu. Akalikunja, akalibana kwa vijiti, akaziba ncha mbili: huo ndio mzinga. Utando wa ndani wa gome ulikuwa kamba zetu, za kufungia kuni, za kuezekea, za kumfunga mbuzi. Mama naye alikuwa na kilindo cha gome hilo hilo cha kuwekea karanga. Mti uliovuliwa hivyo haukupona, na baba alilijua hilo. Alikuwa akiugusa kwa kiganja kabla ya kuukata, sijui alikuwa anaupima au anauaga.

Miti hiyo aliiita miyombo. Mmoja, muyombo. Hatukuwa na "msitu wa miyombo" katika maneno yetu, Mwalimu. Tulikuwa na miyombo, kama wewe ulivyo na miembe. Ni jina la mti, basi.

Na si sisi Wanyamwezi peke yetu. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia wanasema muombo, wakiwa wengi miombo. Kiswahili cha bara kina myombo na miyombo. Ni neno moja la Kibantu lililotapakaa kila palipo na mti wenyewe, kila kabila likilitamka kwa ulimi wake. Na jina halitulii: kijiji hiki wanampa mti huu, ukivuka mto wanampa ndugu yake. Kilosa kuna mpaka mto uitwao Miyombo. Wataalamu wa mimea wa Kijerumani, enzi za utawala wao hapa kwetu, waliandika habari za "msitu wa myombo", na Waingereza nao wakalichukua. Walichofanya wote ni kukamata neno la wingi na kuligeuza jina la nchi nzima ya miti. Tahajia iliyoshinda vitabuni ni ile isiyo na y. Ndiyo imerudi kwetu kupitia ripoti na vitabu vya shule, na sasa watoto wa Bahi wanaitazama wasiitambue.

Kwa hiyo na "kuomba" hakuna udugu wowote. Omba inazaa ombi, maombi, mwombaji na ombaomba. Mti haumo katika ukoo huo. Sauti zimegongana tu.

Umoja sasa. Mimi naandika myombo. Ukiandika muombo sitakusahihisha, kwa kuwa vitabu vingi vimeuzoea na wenye lugha jirani wanautamka hivyo. Mtoto akiandika mwombo nitapiga mstari kwa penseli, si kwa wino mwekundu, kwa sababu amefuata mwembe na miembe, kanuni iko upande wake. Ila sijawahi kumsikia mrina asali wala mkata mbao akitamka mwombo. Katika wingi, andika miombo kama serikali inavyoandika. Vita ya y nimeshaiacha. Kama moyo tunakubali mioyo na si miyoyo, miombo nayo tuivumilie.

Mti wenyewe ukoje? Wataalamu wakisema miombo wanamaanisha pori lililotawaliwa na miti ya koo tatu, Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Usiwachoshe watoto kwa majina hayo, ingawa kuna moja lenye hadithi. Brachystegia boehmii, ambao kwetu ni muyenze, umepewa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyezunguka Tabora na Ugalla mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kufa mwaka 1884 akiwa bado safarini huku Afrika. Baba yangu aliuvua gome mti huo maisha yake yote bila kujua kwamba huko Ulaya unaitwa Böhm. Ndugu zake ni mtundu na muba. Yote ni jamii ya mikunde, na nduguye wa karibu unaye hapo shuleni bila shaka: mkwaju.

Alama za kumtambua ni hizi. Hana miiba, hata mmoja. Jani lake limegawanyika vijani vinavyokaa jozi jozi, lakini vijani hivyo ni vipana, si vile vya mgunga vidogo kama punje. Maganda ya mbegu ni magumu kama ubao, na kiangazi kikikaza yanajipinda na kupasuka kwa mlio, ta!, yakirusha mbegu mbali. Ukilala kambini mwezi wa nane utadhani kuna mtu anavunja vijiti usiku kucha. Chini kuna nyasi, jua linapenya, unaweza kutembea na baiskeli kati ya mti na mti.

Sasa toka nje ya darasa, tazama. Unaona nini? Migunga. Mibuyu. Mikwaju. Vichaka vya miiba vinavyoshika mashati ya watoto. Hiyo si miombo, Mwalimu. Ni pori la migunga na mibuyu, na ni zuri kwa haki yake, maana ubuyu na mlenda wa huku haviletwi na myombo. Sababu kubwa ni mvua. Dodoma tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na miaka mingine Mungu anatupima kwa kijiko. Miombo inataka zaidi, tuseme kuanzia 650 au 700 hivi, na inapanda mpaka kwenye sehemu za milimita 1,400. Mgunga unavumilia usichokivumilia myombo.

Kosa la mwenzako nalifahamu vizuri kwa sababu nililifanya mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, 1981, nilipangiwa Manyoni. Nikajaza fomu ya wilaya nzima: "Uoto: miombo." Nilikuwa kijana wa Sikonge, kwangu pori lilikuwa na jina moja tu. Mkubwa wangu wa kazi aliirudisha kesho yake, pembeni ameandika: "Umeona myombo wapi Saranda?" Akaniamuru nipande treni hadi Saranda, nirudi kwa miguu nikihesabu. Saranda iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye joto na miiba. Nilitembea siku nzima nikipanda ule mlima. Myombo niliouona ni sifuri. Fomu ninayo hadi leo.

Ukitaka kuwaonyesha watoto bila kuwachosha, wapandishe basi la Tabora likizo ijayo, wakae dirishani. Bahi hadi Kintinku, migunga na mibuyu. Mnapanda ule ukuta, mnafika Manyoni. Baada ya hapo Itigi, na vichaka ambavyo nitavieleza chini maana kuna mtu wa huko ameuliza. Mkishaviacha vichaka nyuma, mkikaribia Tura, miiba inaanza kupotea. Miti inasimama mirefu, mita 10, 15, imeachana, vichwa vyake vimetandaa kama miavuli iliyokaribia kugusana. Kando ya barabara kuna mtu ameinua dumu la asali. Hapo mwambie dereva apunguze mwendo, uwaambie watoto: hii sasa ndiyo miombo. Kutoka hapo inaendelea magharibi na kusini, Katavi, Rukwa, na ng'ambo Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Kongo na Angola. Mwaka 2022 nchi kumi na moja za kusini mwa Afrika zilitia saini Azimio la Maputo kwa ajili ya pori hili moja. Ni wachache wanaojua kwamba limetiwa saini kwa jina la mti wa kamba.

Wazee wa Kongwa wanaweza kukupa somo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakachagua sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Urambo na Nachingwea ni nchi ya miombo. Kongwa ni vichaka vya miiba na mvua ya kubahatisha. Matingatinga yalisafisha pori, mvua ikakataa, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeshazikwa. Sisemi waliponzwa na neno, mambo yaliyouua mradi ule ni mengi, na Urambo na Nachingwea nako karanga hazikuleta utajiri walioutarajia. Nasema tu kwamba mbuyu na mgunga vilikuwa vimesimama pale Kongwa siku zote vikitangaza kiasi cha mvua kwa kila aliyejua kusoma miti.

Na mwenzako alilitoa wapi wazo lake? Nadhani ni hapa. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa 2015 ilipima misitu yetu ikapata hekta milioni 48.1. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo ni pori la miti iliyoachana, si msitu mnene kama wa Usambara. Kiingereza kina neno moja la pori la namna hiyo, woodland. Kiswahili hatukuwa nalo, basi wenye kutafsiri wakaona "miombo" imelala hapo karibu, wakaiokota. Miombo kweli ndiyo sehemu kubwa ya pori hilo, lakini si yote. Migunga ya Bahi imehesabiwa humo humo. Ni sawa na kusema mazao mengi ya Dodoma ni nafaka, halafu kila nafaka ukaiita uwele.

Nimalizie na yule mtoto aliyesema miti inayoomba mvua. Kisarufi amekosa. Lakini nenda nchi ya miombo mwishoni mwa mwezi wa tisa, ardhi imepasuka, nyasi zimeungua, tone la mvua halijaonekana tangu Mei. Utakuta miti imechipua. Majani mapya, mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya zambarau, pori zima linawaka kama jua linazama asubuhi. Yanakaa hivyo wiki kadhaa kisha yanageuka kijani, na mawingu bado hayajakusanyika. Mizizi yake inakwenda chini sana, na maji imejiwekea mwilini. Migunga na mibuyu mingi ya kwetu inangoja dalili za mvua ndipo ivae. Myombo unatangulia. Baba alikuwa akiona wekundu ule anaanza kukarabati paa.

Swali

Bwana Miti, mimi ni mfugaji nyuki, Itigi. Mafunzo tuliyopewa yanasema tuko kwenye ukanda wa miombo. Mbona pori letu huwezi hata kupenya, na hizo dalili zako za miti iliyoachana hazipo? Au sisi ni miombo iliyochanganyikiwa?

*Mrina wa Itigi*

Jibu

Ndugu yangu, hamjachanganyikiwa. Mko kwenye kitu adimu kuliko miombo. Hicho ni kichaka cha Itigi, na dunia nzima ya wataalamu inakitaja kwa jina la mji wenu. Ni vishina vingi vyembamba vilivyosongamana, urefu wa mita tatu hadi tano, kiangazi vinapukutika vyote vinabaki kama fagio lililosimamishwa. Juu mchanga, chini kuna tabaka gumu ambalo masika linazuia maji na kiangazi linakuwa kama saruji. Ukitoka huko kwenu, kichaka cha namna hiyo utakipata tena kaskazini mwa Zambia, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Basi. Na cha Zambia kimefyekwa sana.

Njia ya misafara ya karne ya kumi na tisa ilipita katika nchi hiyo hiyo, kati ya Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliiita Mgunda Mkali, shamba kali, kwa kukosa maji na chakula siku nyingi mfululizo. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, waliivuka mwaka 1857. Mababu zangu waliobeba pembe kutoka Tabora walikuwa wakifika Ugogo koo zimekauka, halafu Wagogo, shemeji zangu hawa, wanawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo wanywe maji. Mke wangu Mgogo, tukigombana juu ya chumvi kwenye mboga, namkumbusha deni hilo.

Mzinga wako utafaa kokote, ila usiandike "asali ya miombo" kwenye lebo. Andika "asali ya kichaka cha Itigi". Ni kweli, na hakuna mwingine Tanzania anayeweza kuiandika.

Swali

Mzee, naandika utafiti wangu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa Kiswahili. Msimamizi wangu ananikatia kila neno. Nikiandika "msitu wa miombo" anasema si msitu. Nikiandika "pori" anasema ni lugha ya mtaani. "Nyika"? "Mbuga"? "Savana"? Nishike lipi?

*Mwanafunzi, UDOM*

Jibu

Mwanangu, msimamizi usishindane naye, lakini mpelekee haya kwa heshima.

Msitu masikioni mwa mwanakijiji ni mahali penye giza mchana. Kwa maana hiyo miombo si msitu, msimamizi ana hoja. Ila Sheria ya Misitu ya 2002 inalihesabu pori la namna hiyo kuwa msitu, na ofisi zinasema misitu ya miombo. Neno likishaingia kwenye sheria limeshakula kiapo. Kwenye andiko la chuo litumie.

Pori si lugha ya mtaani hata kidogo. Serikali ina Pori la Akiba la Rungwa na la Swagaswaga, zote zimetangazwa rasmi. Pori ni mahali pasipokaliwa na watu, liwe la miombo, la miiba au la nyasi. Linataja hali ya mahali, halitaji aina ya miti, kwa hiyo "pori la miombo" halina kosa lolote na mimi ndilo ninalolipenda.

Nyika iache kwa nchi kavu ya vichaka na miiba, ile inayoanza nyuma ya pwani. Bahi ni nyika. Urambo si nyika.

Mbuga ndiyo inayoniuma. Siku hizi ukisema mbuga kila mtu anawaza simba na magari ya watalii. Kwetu mbuga ni bonde wazi la udongo mweusi wa mfinyanzi, masika linajaa maji, kiangazi linapasuka nyufa za kuingiza mguu. Wataalamu wa udongo walilichukua neno hilo kwa maana hiyo. Ndani ya nchi ya miombo mbuga ni lazima ziwepo: miti inakaa mgongoni penye mchanga, maji yanateremka na udongo wake mzuri hadi bondeni, nyasi zinakaa huko. Kwa hiyo mbuga na miombo ni majirani, kamwe si kitu kimoja. Ukitaka kuandika "mbuga" kwa maana hii ya zamani, ieleze mara ya kwanza, la sivyo msomaji ataanza kutafuta twiga.

Savana sina ugomvi nayo. Ni pana mno, lakini.

Swali

Bwana Miti, shikamoo. Mimi ni mama wa makamo, Kondoa. Nikiwa msichana milima ya kwetu ilikuwa mifupa mitupu, makorongo mekundu, mbuzi kila mahali. Leo ina miti. Wanangu wanasema ilipandwa na serikali. Mimi sikumbuki kuona mtu akipanda huko juu. Nani mkweli?

*Mama wa Kondoa*

Jibu

Marahaba dada yangu. Wewe ndiye mkweli, ingawa wanao hawajakosea kote.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Walipanda miti, ndiyo, wakachimba makinga maji, wakaleta mitambo. Lakini hatua iliyogeuza milima yenu ilikuja mwaka 1979, mifugo yote ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Ilikuwa ngumu. Nimekaa na wazee wa Kolo waliohamisha ng'ombe wao kwenda kwa jamaa za mbali, na wengine hawakuwaona tena. Hilo halimo kwenye picha za kabla na baada wanazotuonyesha kwenye semina.

Kilichotokea huko juu hakikuhitaji mpandaji. Myombo ukikatwa haufi. Kisiki kinachipua, na mizizi iliyobaki chini inatoa machipukizi hata mahali ambapo huoni kisiki. Miaka yote ile ya mifupa mitupu, miti yenu ilikuwepo chini ya ardhi, kila mwaka ikitoa ncha, kila mwaka mbuzi akiikata. Mbuzi alipoondoka, ncha ikaendelea. Ukipita barabara ya Babati leo, vilima vile vya Kolo penye michoro ya miambani vina mitundu na ndugu zake. Kwa hiyo wanao wakikuuliza miti ilipandwa na nani, waambie iliachwa.

Babati nako, Duru-Haitemba, wanavijiji walikabidhiwa miombo yao waitunze wenyewe katika miaka ya 1990, na haikuhitaji kitalu.

Ila angalia moto. Chipukizi la myombo linavumilia mbuzi kwa sababu mzizi upo, lakini moto wa mwezi wa kumi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unalirudisha chini kila mara. Anayetaka kuchoma achome mapema, mwezi wa sita, nyasi zikiwa na unyevu bado.

Swali

Nimejenga Nkuhungu, kiwanja kina nafasi. Nataka kupanda miombo miwili mitatu kwa ajili ya kivuli. Miche inauzwa wapi na itachukua muda gani?

*Mkazi mpya, Dodoma*

Jibu

Karibu Dodoma. Kwa kivuli cha haraka panda mwarobaini kama kila mtu.

Ukishikilia, sikiliza. Miche ya myombo sijaiona ikiuzwa mjini hapa. Mbegu zake zinaota vizuri tu, tatizo linaanza baadaye: mche unatumia miaka yake ya kwanza kujenga mzizi, na juu ya ardhi unaona kijiti kinachokauka kila kiangazi na kuchipua tena. Jirani atakuambia umekufa. Utang'oa, na utakuta mzizi umeshakwenda chini kuliko urefu wako wa goti. Pia hauishi peke yake, una kuvu unaoshikana na mizizi yake na kuulisha. Ndiyo maana mvua zikianza uyoga unajaa chini ya miombo na wanawake wa Sikonge wanaupanga barabarani kwenye mabeseni. Udongo wa Nkuhungu hauna kuvu huo.

Mimi nilijaribu uani kwangu mwaka 2009. Nilileta mbegu za mtundu na ndoo mbili za udongo kutoka chini ya mti mama, Tura, juu ya paa la basi, kondakta akanitoza nauli ya ndoo. Zikaota tisa. Mbili zipo. Moja imenifika kifuani. Mwezi wa kumi uliopita ilitoa majani matano mekundu, mke wangu akatoka na jagi la maji akidhani inaungua.

Ukija Jumamosi asubuhi nitakupa udongo. Njoo na ndoo yako.